Saa Arobaini za Sindano

4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, bila ngurumo, ikaingia moja kwa moja kwenye ile sehemu ya dari iliyo juu ya kabati la vitabu. Nimeweka ndoo. Mke wangu alikuwa macho. Nimemgeuza ubavu wa kulia kama tulivyoagizwa, nikamwambia masika yamefika. Akanibana kidole kwa mkono wa kushoto, ambao ndio unaomtii. Tangu kiharusi kimpate, miezi minane sasa, hajatoa neno.

Mchana nimempelekea fundi wa redio kichwa cha sindano cha mashine yangu ya santuri. Mtaa mzima humwita Miwani, kwa kuwa huvaa mbili, moja machoni na moja utosini. Ameiweka sindano chini ya hadubini, akanipisha nitazame. Nimeona kitu kama patasi iliyovunjika.

"Mzee, hii umeitumia tangu lini?"

"Tangu tuhamie mtaa huu."

"Na ile sahani ya mama umekuwa ukiipiga kwa hii hii?"

"Ndiyo."

"Mara moja moja?"

"Tangu augue, kila siku."

Akavua miwani zote mbili. "Basi umekuwa ukiifuta, mzee."

5 Machi

Mvua. Sikuipiga sahani. Ni siku ya kwanza kutoipiga.

7 Machi

Niandike habari ya sahani yenyewe, ili siku nikisahau nipate pa kusoma.

Si santuri ya dukani. Ni bati lililopakwa laki, aina ya vanishi, lililochongwa mara moja tu katika studio ya redio, kule kwetu, mwaka mmoja kabla hatujaondoka. Mke wangu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akifundisha muziki shuleni. Hadi leo wanaomjua humwita Mwalimu. Aliitwa kuimba wimbo mmoja alioutunga kwa ajili ya watoto wa darasa la pili. Fundi wa studio akampa sahani iwe kumbukumbu. Nakala nyingine haipo. Studio yenyewe iliungua wiki ile ile tuliyokimbia. Tulivuka mpaka na begi moja la nguo, kamusi mbili, na sahani hii ikiwa katikati ya kamusi kama jani lililowekwa kukaushwa.

Laki ni laini. Kila sindano inapopita huondoka na kidogo. Nilijua hivyo. Nilijua, na bado kila alasiri nilikuwa nikikaa pale kitini na kuipiga, kwa sababu chumba cha pili alikuwa amelala mtu mwenye uso ule ule asiyeweza kuniita jina langu. Sasa herufi zake zote kali zimegeuka kuwa mchanga. "Sisi" imekuwa upepo.

9 Machi

Miwani ana habari njema, nayo ameniandalia kwa mbwembwe zote, mpaka amechora picha kwenye kipande cha boksi. Mfereji wa sahani una kuta mbili. Sindano butu hugusa mahali pamoja tu ukutani, na hapo ndipo nilipopaharibu. Ipo sindano yenye ncha nyembamba sana, inayozama chini zaidi, pale ambapo ile ya zamani haikuwahi kufika. Huko chini sauti ya Mwalimu bado ni mpya.

"Ni kama ngazi ya nyumba," alisema. "Watu wote wamepanda katikati, katikati pamelika. Sisi tutapita pembeni."

Tatizo ni kwamba ncha za namna hiyo huja kwenye vichwa vya koili. Kichwa changu cha sasa ni cha sumaku: sumaku ndiyo inayotikisika, koili zimetulia. Katika hiki kingine koili zenyewe ndizo zinazotikisika, za waya mwembamba kuliko unywele, nazo hutoa umeme mdogo mno hata inabidi kuongeza transfoma kati yake na amplifaya. Nikadhani anataka kuniuzia vitu viwili badala ya kimoja. Nimechukua mwavuli wangu nikatoka.

10 Machi

Shemeji ameuliza nilikokuwa jana. Ni mdogo wake Mwalimu. Alikuja kutusaidia uuguzaji miezi minne iliyopita, akitoka kwenye nchi yake ya kuazima kuja kwenye hii ya kwetu. Nimemweleza.

"Sindano?" akasema. "Shemeji, unataka kushona nini?"

"Nataka asikie sauti yake."

"Yeye? Au wewe?"

Mwanamke huyu ana ulimi wa wembe. Nilikwenda kubadilisha maji ya ndoo ambayo hata hayakuwa yamejaa.

12 Machi

Nimerudi kwa Miwani. Ametoa vichwa vitatu, akanipigia santuri moja kwa kila kimoja. Alifunga mlango wa duka, mvua ikapungua kwa hisani.

Cha kwanza, cha sumaku, kina sauti kubwa na changamfu, kama karani anayetaka kupandishwa cheo. Cha pili ni cha koili lakini ncha yake ni ya mviringo. Kitamu, chenye joto. Ningekuwa na miaka mingine thelathini ya kusikiliza santuri, ningekichukua hicho. Cha tatu ni cha koili chenye ncha nyembamba. Mwanzoni nilikiona kikavu. Halafu mwimbaji akavuta pumzi kabla ya ubeti, nikasikia midomo ikiachana.

Nikamwambia nimechagua. Miwani akanihakikishia kwamba mkono wa mashine yangu, ulio mzito kama mguu wa meza, unahitaji hasa kichwa chenye shingo ngumu cha namna hii. Itabidi kiagizwe na kulipiwa. Kamusi zangu mbili zimepata mnunuzi, mwalimu mstaafu mwenzangu, ambaye alizipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ilinitosha.

14 Machi

Mvua. Mwalimu amekula vijiko tisa.

15 Machi

Mvua. Saba.

19 Machi

Kimefika, pamoja na transfoma yake. Ni kidogo kama jino. Miwani alikuja nyumbani kukifunga. Alitumia saa nzima kwa nyaya nne tu, huku akiniomba nisipumue. Mashine iko sebuleni. Chumba cha Mwalimu kinafuata, na katikati yao upo mlango mmoja ambao huwa wazi.

Nilitaka kuleta sahani pale pale. Akanishika mkono.

"Mzee, tulia. Koili mpya ni kama kiatu kipya. Leo itaimba kama mtu mwenye mafua. Ipe saa arobaini kwanza, kwa santuri nyingine. Saa arobaini zikiisha, koili ikilainika, ndipo umpigie mama."

"Arobaini?"

"Sahani kama ile unaikanyaga kwa kiatu kilichoshonwa jana?"

Amenikopesha sahani ya kupimia. Upande wa kwanza una sauti moja tu, noti moja iliyonyooka isiyo na mwanzo wala mwisho, ya kusawazisha spika ya kushoto na ya kulia. Upande wa pili ni kinanda. Kwa saa mbili kila asubuhi, umeme ukikubali, mwezi ujao nitakuwa tayari. Nimekwenda kumwambia Mwalimu. Akanibana kidole mara mbili.

20 Machi

Saa 2. Kinanda kina mafua kweli.

21 Machi

Umeme umekatika. Hakuna kitu.

22 Machi

Saa 4. Kuna kasoro. Ile noti ya kupimia inapokwisha, haiishi. Unabaki mvumo mdogo, chini, wa noti ile ile, labda nusu dakika, kisha unapotea. Nimekaza kila skrubu.

24 Machi

Saa 8. Mvumo upo. Leo niliinua sindano kabisa, ukaendelea. Nikazima amplifaya, ukaendelea kidogo, ukakatika ghafla kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nadhani transfoma inabakiza umeme.

Nimeandika "kama mtu aliyeishiwa pumzi". Ndivyo nilivyoandika.

26 Machi

Nimemleta Miwani alasiri. Akabadilisha waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, akaweka sahani ya kupimia, tukasikiliza. Noti ikaisha. Kimya.

"Mvumo uko wapi, mzee?"

"Asubuhi ulikuwepo."

"Na ukizima kila kitu unausikia?"

"Nausikia."

Akanitazama kwa huruma, akajigusa sikio. "Baba yangu naye alikuwa na nyuki humo ndani. Walikuwa wakiamka asubuhi."

Tulicheka. Mwalimu alikuwa amelala usingizi wake wa mchana, kwa hiyo tulicheka kwa sauti ya chini.

27 Machi

Asubuhi mvumo umerudi. Si masikio yangu. Masikio yangu nayajua.

29 Machi

Saa 15. Shemeji alitokeza kichwa mlangoni wakati noti inapigwa. "Siku hizi asubuhi anachangamka," akasema. "Njoo umwone."

"Nikimaliza."

"Utamaliza lini?"

"Shemeji, tafadhali. Ninasikiliza."

Akasimama pale kwa muda. Mtu akisimama mlangoni sauti ya chumba hubadilika, nikamwambia hivyo. Aliondoka na tangu hapo mezani tunaongea kwa kupeana chumvi.

1 Aprili

Saa 19. Mvumo sasa unadumu dakika nzima. Nimehamisha transfoma, nimehamisha waya, nimehamisha mashine yenyewe nusu hatua. Noti ileile, sawasawa kabisa, haipandi wala haishuki. Usawa wake ndio unaoniudhi. Kasoro ya kawaida ya umeme huwa na noti yake yenyewe; hii imechukua ya sahani.

Miwani amesema inawezekana ni chumba: vyumba viwili vilivyofunguana vikashika noti moja, kama chupa inayopulizwa mdomoni. Ameshauri nifunge mlango wa katikati.

2 Aprili

Nimefunga mlango na kutundika blanketi zito upande wa sebuleni. Nimepiga noti. Imekwisha pale ilipokwisha. Nimerudia mara tano.

Mvumo umekwisha! Nilifurahi kiasi cha kumpigia Miwani simu.

3 Aprili

Saa 22. Safi.

5 Aprili

Saa 26. Safi. Kinanda kimeanza kufunguka, au ndivyo ninavyojiambia. Mvua haijakatika kwa siku nne.

8 Aprili

Saa 31. Mwalimu amekula vijiko viwili tu. Shemeji anasema amenyong'onyea tangu wiki iliyopita, hata kugeuzwa hataki. Nimemwambia Mwalimu avumilie, zimebaki saa tisa. Hakunibana kidole. Nadhani alikuwa na usingizi.

9 Aprili

Saa 33.

11 Aprili

Kiharusi cha pili, asubuhi, wakati kinanda kinapigwa. Shemeji aligonga mlango. Nilidhani ni mgongano ndani ya santuri, nikainama kuitazama sindano. Aligonga tena kwa ngumi. Blanketi lilikuwa limenasa kwenye msumari, nikachelewa kulitoa.

Hospitali wametupa kitanda karibu na dirisha. Mvua inapiga kwenye bati la veranda na hakuna anayesikia mwenzake. Daktari ni kijana mpole. Ameongea akitazama karatasi. Nimemshika Mwalimu mkono wa kushoto. Ni wa joto, na hauniambii chochote.

13 Aprili

Amefariki saa nne asubuhi. Shemeji alikuwa upande wa kulia, mimi wa kushoto.

14 Aprili

Tumemzika mvua ikinyesha. Hapa si kwetu. Udongo ni udongo.

17 Aprili

Miwani amekuja kutoa pole, miwani moja tu leo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Nilimuuliza kitu ambacho sikupaswa kumuuliza mtu aliyekuja kwenye msiba.

"Zile saa arobaini. Nani alizipima?"

Akasugua magoti. "Ndivyo wanavyosema, mzee."

"Wewe umewahi kuisikia tofauti?"

"Kusema kweli…" Akaitazama mashine. "Kusema kweli, hapana. Ningekuwa najua, mzee, ningekuambia umpigie siku ile ile."

Alilia, fundi wa watu. Nilimpa leso yangu. Wakati wote huu nilikuwa nimemwona mfanyabiashara. Kumbe ni mtu anayeamini alichoambiwa, kama mimi.

20 Aprili

Mvua imepungua. Leo nitaandika kirefu, na sitaki kuandika.

Asubuhi Shemeji alikuwa akikunja mashuka ya Mwalimu. Anaondoka baada ya siku tatu. Nilikuwa nimesimama tu, mtu asiye na kazi ndani ya nyumba yake. Akasema, bila kunitazama:

"Ile filimbi yako huiwashi tena."

"Filimbi gani?"

"Ile uliyokuwa ukimpigia asubuhi. Ile ya sauti moja."

Nikamwambia haikuwa filimbi. Ni sahani ya kupimia mashine. Akaacha kukunja.

"Hukuwa unampigia yeye?"

"Kumpigia yeye kwa nini?"

"Mimi nilidhani ni zoezi. Nilidhani daktari amekufundisha." Akakaa kitandani, shuka mapajani. "Shemeji, alikuwa akiipokea. Ukipiga, anaipokea. Mdomo amefumba, sauti inatoka puani, mmm, hivi, sawasawa na yako. Ikiisha yako, yeye anaendelea mpaka pumzi inamwishia. Halafu ananitazama mimi kama anayesema, umesikia?"

Nikamuuliza lini ilianza. Siku ya tatu au ya nne, akasema. Mwanzoni kidogo, kisha kila siku ndefu zaidi. Mchana hapana, mchana alikuwa amechoka, analala.

"Nilikuja kukuita. Ukaniambia nikisimama mlangoni naharibu sauti."

"Ungeniambia anaimba!"

"Ningekuambiaje kitu nilichodhani ni chako? Mnapeana noti, mke na mume, niingilie? Nilikuwa nasema moyoni, kumbe huyu mtu nimemwonea, kumbe ana akili, amepata njia ambayo madaktari hawakuipata." Akaugeukia mlango. "Halafu ukafunga mlango. Nikasema, amechoka. Hata yeye ana haki ya kuchoka."

"Aliendelea, mlango ulipofungwa?"

Akaanza kukunja shuka tena. Nikamwomba.

"Siku tatu. Ilikuwa haipenyi vizuri, lile blanketi. Alikuwa akigeuza shingo kuelekea mlangoni, anangoja. Siku ya nne hakugeuza."

Miaka ishirini na minane mke wangu alisimama mbele ya madarasa na kuwapa watoto noti ya kuanzia, mdomo umefumba, hivyo hivyo. Hakuwahi kuhitaji kinanda. Nilioa sauti hiyo. Nikaitafutia waya, nikaitafutia ethi, nikaiita kasoro na kuiandikia tarehe. Humu ndani nimeandika kwamba nilifurahi ilipokwisha. Nimeurudia ukurasa wenye neno hilo mara kadhaa. Niliweka hata alama ya mshangao.

Nilikuwa na masikio mazuri sana. Niliusikia mvumo kutoka chumba cha pili, nikajua noti yake, nikajua urefu wake, nikajua ulikatika kama mtu aliyeishiwa pumzi. Sikuvuka hatua sita kwenda kutazama.

Shemeji alikuja akanishika bega. Sikustahili, na sikumzuia.

21 Aprili

Jua. Ndoo haina kitu.

22 Aprili

Begi la Shemeji liko mlangoni; gari lake ni kesho mapema. Baada ya chakula cha mchana amesema:

"Sijawahi kuisikia hiyo sahani."

Sikuamini. Lakini ni kweli: mwaka ule ilipochongwa alikuwa bweni, halafu tukakimbia kila mmoja na njia yake. Na hapa, katika miezi minne, mimi nilikuwa nikiipiga alasiri, yeye akiwa sokoni, kisha nikaacha kuipiga. Mdogo wake wa damu hajawahi kumsikia dada yake akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Nikaondoa blanketi. Nikamkalisha Shemeji kwenye kiti changu. Nikaifuta sahani kwa brashi, nikateremsha sindano.

Miwani alisema kweli kuhusu ngazi. Mchanga umepungua sana. Kwanza kiti kinasogezwa, halafu Mwalimu anacheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyeambiwa atulie, halafu anaimba. "Sisi" ni "sisi". Wimbo ni wa dakika tatu kasoro, kuhusu kuku aliyeingia darasani. Nilikuwa nimesahau kwamba ni wimbo wa kuchekesha.

Shemeji alicheka pale anapopaswa kucheka mtoto wa darasa la pili. Kisha akajifunika uso kwa mikono. Sindano ikafika mwisho, nikaiinua.

"Tena," akasema.

Nikamweleza. Laki hupata joto sindano inapopita na kulainika. Inatakiwa kupumzika siku nzima kabla ya kuguswa tena, la sivyo herufi zinaanza kuliwa. Nilizungumza vizuri sana, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yamemwiva.

"Mimi naondoka kesho, Shemeji."

Nikamtazama. Ana paji la uso la dada yake. Sijui kwa nini miezi yote hii sikuliona.

Nikarudisha sindano mwanzo. Kiti, kicheko, kuku. Safari ya tatu hakuniomba, niliirudisha mwenyewe. Kwenye safari ya sita au ya saba akaanza kuufuata wimbo, akikosea maneno, na pale nilipoyajua nikamsaidia. Sauti yangu ni mbaya, na Mwalimu alikuwa akinikataza kuimba mbele ya wageni. Sahani ilikuwa imeanza kukwaruza mahali penye "sisi", nami nilisikia vizuri kabisa. Shemeji akauliza kama tuache.

Nikamwambia hapana, ubeti wa pili bado hajaushika.